Mtumwa au Mtoto
Husemwa kwamba Wajapani huwapenda roboti kwa sababu ya Ushinto, na Wazungu huwaogopa kwa sababu ya Ukristo. Maelezo hayo hayanitoshi. Katika R.U.R. (1920), tamthilia ya Karel Čapek, roboti ni vibarua. Jina lao limetokana na robota, kazi ya shuruti kwa Kicheki. Wanapoasi, anayetetemeka ni bwana. Mwaka 1951 Osamu Tezuka alianza kumchora Atom, roboti aliyeundwa kuziba pengo la mtoto aliyekufa, kisha akauzwa kwenye sarakasi kwa kuwa hakui. Huyu namhurumia. Kwetu, programu za akili mnemba tunaziita wasaidizi, kama tunavyomwita dada wa kazi. Ukitaka kujua kama tutaziogopa, tazama dada huyo anakula wapi.