Kwa Nini Rangi ya Shaba Huila Mashine ya Boti

Tumbukiza msumari wa chuma usio na mpako katika maji ya mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba. Muda si mrefu utavaa gamba jekundu la shaba, na buluu ya maji itaanza kufifia: chuma kimeyeyukia majini, shaba imefukuzwa. Mtu angeweza kuyasema haya kabla msumari haujalowa, kwa kutazama safu ya metali tu: magnesi, aluminiamu, zinki, chuma, risasi, shaba, fedha. Iliyotangulia huiondoa inayofuata kwenye chumvi yake, wala si kinyume. Waya wa shaba katika chumvi ya zinki utakaa hadi kesho bila badiliko.

Ila safu husema nani atashinda, haisemi lini. Aluminiamu imekitangulia chuma, lakini kipande chake katika mrututu huweza kukaa kimya muda mrefu, kwa sababu kimefunikwa na utando mwembamba wa oksidi. Ongeza chumvi ya jikoni: kloridi huutoboa utando, maji hupata moto, na shaba humwagika kwa wingi.

Tongoni, kijiji cha wavuvi kusini mwa Tanga, chumvi hiyo haiongezwi na mtu. Lita moja ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35. Mitepe ya kale ya pwani yetu ilishonwa kwa kamba, haikuwa na metali ya kuliwa. Mashine ya boti ya leo ina mguu wa aluminiamu unaoshinda majini. Ukiupaka rangi yenye shaba ili viumbe wa baharini wasiugande, shaba inayoyeyuka kutoka kwenye rangi huishia juu ya aluminiamu popote palipochubuka. Kwa kila gramu 1 ya aluminiamu inayopotea kwa njia hii, shaba gramu 3.5 hutua. Kisha kila chembe ya shaba iliyotua huendelea kuchimba shimo pembeni yake.

Dawa yake ni kipande cha zinki kinachofungwa kwenye mguu huo. Hapa mwanafunzi makini atauliza: zinki italindaje aluminiamu iliyoitangulia kwenye safu? Jibu ni utando uleule. Baharini aluminiamu iliyofunikwa hushuka nyuma ya zinki, basi zinki ndiyo huliwa kwanza. Safu ya darasani hupima metali iliyo uchi. Fundi wa boti hashiki metali ya namna hiyo.

Mwenye mashine ya aluminiamu asiipake rangi yenye shaba, na kipande cha zinki kisipakwe rangi yoyote, maana kikifunikwa hakilindi kitu.