Tuta la Maua la Mawe: Namna ya Kuijua Kazi Nzuri

Anayetaka kuinua tuta la maua uani jijini Mwanza hahangaiki kutafuta mawe. Graniti imejaa vilimani, Bugando, Mabatini, Igogo, hadi ndani ya ziwa inakosimama Bismarck Rock. Matuta ya mawe ni mengi, na mabovu ni mengi vilevile, kwa kuwa wenye nyumba wengi huikagua kazi kwa kutazama uso wa ukuta tu. Uso hupendezeshwa kirahisi: saruji ikichorwa mistari kati ya mawe, mistari ikapakwa rangi nyeusi, kila ukuta unang'aa siku ya kukabidhiwa.

Anza na maji. Graniti hainywi maji. Masika yakishuka, maji yanayoingia kwenye udongo wa tuta hayana pa kutokea ila pale fundi alipoyaachia njia. Meta moja ya ujazo ya udongo ulioloa hukaribia tani 2, na sehemu ya uzito huo inausukuma ukuta kwa nje. Ukuta usio na njia ya maji utatoa tumbo, kisha utapasuka. Kama umejengwa kwa saruji, piga magoti uyatafute matundu ya chini. Yawepo kila baada ya meta moja hivi, yainame kidogo kuelekea nje, na nyuma yake pawe na kokoto. Ingiza kijiti: kikigota kwenye saruji, tundu hilo halifanyi kazi, na fundi alizibue kabla hujamalizia malipo yake.

Kwa tuta lisilozidi nusu meta, mimi napenda ukuta mkavu usio na saruji kabisa. Maji hupenya kila mahali, na ardhi ikititia kidogo, mawe nayo hutitia bila kuacha ufa. Lakini ukuta mkavu hauna pa kuficha uzembe, kwa hiyo fundi wake lazima ajue kazi.

Lichunguze jiwe lenyewe. Wavunjaji mawe wengi huwasha moto juu ya mwamba ili upasuke, na mengine hutoka yameungua: ukiyakwaruza, punje zinapukutika. Yagonge kwa nyundo. Jiwe zima hulia kwa mlio mkali, lenye ufa ndani hutoa sauti nzito na fupi. Masizi peke yake si kasoro, mvua itayaosha.

Kisha tazama mpangilio, kwani hapa ndipo mafundi hupambanuka. Mawe makubwa yakae chini, ndani ya mtaro wa kina cha sentimita 15 au 20, si juu ya majani na udongo laini. Kiungo cha mstari wa juu kisiangukie kiungo cha mstari wa chini. Ukiona ufa mmoja unapanda moja kwa moja kupita mistari mitatu, ukuta utafunguka mahali hapo. Muhimu kuliko yote ni urefu wa jiwe kuelekea ndani. Fundi mwenye haraka hulaza jiwe ubavu, upande mrefu ukaonekana mbele, kwa sababu hivyo anamaliza ukuta kwa mawe machache. Fundi mwenye ujuzi huingiza urefu ndani ya tuta, na nje unaona kichwa tu. Ukuta wake hauonyeshi jinsi mawe yalivyo makubwa, ila ukitikisa jiwe lolote kwa mkono halichezi. Jiwe la ukubwa wa ndoo ya lita 20 lina kilo 50 na ushee. Likilala vizuri, uzito wake hufanya kazi ya saruji.

Weka timazi. Ukuta mkavu usisimame wima. Uegemee udongo, kiasi cha sentimita 8 kwa kimo cha nusu meta. Vijiwe vya kukazia vipigiliwe kwa nyuma. Vikichomekwa kwa mbele ili kuziba mianya, vitadondoka.

Udongo nao uuchungulie. Luseni, udongo wa kichanga wa mlimani, ukichanganywa na samadi iliyooza vizuri, hupitisha maji na kuyafaa mawaridi. Udongo mweusi wa mbuga una rutuba, lakini hufura ukiloa na kusinyaa ukikauka, na kila msimu huusukuma ukuta upya. Fundi anayeujaza humo kwa sababu lori lake lilikuwa karibu, mkatalie hata kama mawe ameyapanga vyema.

La mwisho ni mimea. Upande wa magharibi mawe hupata moto mkali alasiri, hivyo panda bogenvilia ukingoni na waridi katikati. Mti wa jamii ya mkuyu usiuruhusu kabisa, hata uwe mdogo. Mizizi yake hupasua hata miamba mikubwa ya vilima vya Mwanza, na ukuta wa nusu meta hautaishinda.