Donge la Udongo

Hapa mtaani Jabe, Bujumbura, nyumba zimebanana, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule, na nafasi ya kupandia ni kile kipande cha kivuli kati ya mlango na bomba. Maua yetu hukaa kwenye makopo ya maziwa ya unga, ndoo za rangi zilizotobolewa kwa msumari, na mabidoni yaliyokatwa nusu. Mmea wa kopo humtegemea mtu kwa kila kitu. Mizizi ikijaa haina pa kwenda, hujisokota tu humo ndani mpaka aje mtu wa kuuhamisha. Kazi hiyo ya kuhamisha ndiyo ninayoisifu hapa, maana nimeona watu wakiidharau, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Asumini yangu ilikuwa imejaa vitumba, harufu inaingia mpaka chumbani. Kopo lake lilikuwa dogo, nikaionea huruma. Nikanunua chungu, na mchana huohuo nikaing'oa, nikaikung'uta udongo wote wa zamani ili nianze na mpya. Siku ya tatu vitumba vimetapakaa sakafuni, majani yamelegea. Bibi jirani alikuja, akainama, akatia kidole kwenye udongo.

“Uliikung'uta?”

“Niliikung'uta, Bibi.”

“Basi, mwanangu.”

Hakuongeza neno. Baadaye nikaelewa. Maji hunywewa na mizizi myembamba kuliko nywele, na hiyo ndiyo inayokatika ukikung'uta. Mmea unaochanua unalisha maua yake kila saa; ukiupunguzia mdomo wakati huo, unaachilia vitumba kwanza ili shina lipone.

Tangu hapo nimekaa karibu na mikono ya Bibi. Jioni ya kuamkia kazi humwagilia mmea, ili udongo ushikamane. Asubuhi hupitisha shina katikati ya vidole viwili, anakipindua chungu, anagonga ukingo wake kwenye ngazi mara moja, mara mbili, na donge linatoka zima, kama bugali unaopinduliwa kutoka bakulini. Halivunji. Mizizi iliyozunguka chini huilegeza kwa dole gumba, taratibu, kama anayefumua nywele za mtoto aliyelala. Chungu kipya huzidi cha zamani kwa vidole viwili tu, kwa sababu udongo mwingi usio na mizizi hukaa na maji, na maji yakikaa mizizi inaoza. Huchanganya udongo, mchanga, na samadi iliyokwisha kupoa. Kisha kivuli, wiki nzima.

Ila sehemu kubwa ya ufundi wake ni kungoja. Bogenvilia hapa Bujumbura huwaka kiangazi, Juni mpaka Agosti, wakati mvua imekatika. Tunachokiita ua ni majani yaliyovaa rangi. Ua lenyewe ni lile dogo jeupe lililojificha katikati. Mizizi yake hukatika upesi kuliko ya mimea mingi, kwa hiyo Bibi haigusi mpaka rangi ipauke na mvua zirudi.

Hata hivyo, siwezi kusema kamwe usihamishe mmea wenye maua. Liko ua dogo la zambarau la milima ya Usambara, Tanzania. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia. Likitunzwa vizuri ndani ya nyumba huchanua karibu mwaka mzima, na anayengoja liishiwe maua atangoja bure. Waliozoea kulitunza hukata maua na vitumba kwanza, ndipo huhamisha. Chungu kikipasuka ghafla, fanya vivyo hivyo: punguza maua, na donge lisiguswe. Kukata ua lililo hai kunauma, nakiri, na mtu asiyeumwa hata kidogo simwamini na mimea yangu.

Oktoba, baada ya mvua kubwa ya usiku, Bibi aliniita tuhamishe bogenvilia yake kutoka ndoo ya rangi. Maua ya mwisho yalikuwa yamekauka, yanapeperuka kwenye sementi kama karatasi.

“Shika hapa,” akasema, na safari hii aliniachia shina mimi.

Nilipindua, nikagonga. Donge likatoka zima na umbo la ndoo, na pale lilipokuwa tundu la msumari palikuwa na ncha moja nyeupe ya mzizi imechungulia nje.