Chuku si Hadaa: Uhakiki wa Maadili ya Ushawishi wa Kisiasa kwa Mfano wa Kamwokya, Kampala

Ikisiri
Makala haya yanahakiki mkabala unaopima upotoshaji wa kisiasa kwa kuangalia ukweli wa kauli peke yake. Kwa kurejelea uchaguzi wa Uganda wa mwaka 2021, yanadai kwamba hadaa nzito zaidi hutokea pale msemaji mwenyewe anapoghushiwa.

Utangulizi
Kiswahili hutenganisha mambo ambayo sera nyingi huyachanganya. Apigaye chuku hukuza jambo kupita kiasi mbele ya hadhira inayojua kwamba linakuzwa. Ahadaaye hutaka hadhira isijue kinachotendeka. Tofauti hiyo hufundishwa kama suala la mtindo, ilhali ni suala la maadili pia. Kamwokya, mtaa unaopakana na kilima cha Kololo jijini Kampala, unatoa mfano mzuri wa kuijaribu.

Chuku ya hadharani
Robert Kyagulanyi Ssentamu, maarufu kwa jina la Bobi Wine, alikulia Kamwokya, na kabla ya kuingia bungeni mwaka 2017 alikwisha kujulikana kama "Rais wa Ghetto". Cheo hicho hakikumdanganya mtu, kwa kuwa hakuna ofisi ya namna hiyo. Ni chuku iliyobeba dai zito: kwamba wakazi wa mitaa duni hawana msemaji. Upande wa pili, mwaka 2015 wasanii kadhaa waliungana kumsifu Rais Yoweri Museveni katika wimbo "Tubonga Nawe". Wimbo huo unaweza kulaumiwa kwa kusifu mno, lakini waimbaji wake walijulikana, na msikilizaji aliweza kuuliza wananufaika na nini.

Chuku nayo ina mpaka wake. Kiongozi aliyekwisha kuhamia Magere, nje ya jiji, anapoendelea kusema kwa niaba ya mtaa mzima, sitiari huanza kudai mamlaka, na mhakiki ana haki ya kuuliza ni nani aliyemtuma. Hata hivyo, dai hilo liko wazi. Mkazi yeyote wa Kamwokya anaweza kulipinga.

Sauti ya kughushi
Tarehe 11 Januari 2021, siku tatu kabla ya uchaguzi mkuu, Facebook ilitangaza kuondoa akaunti na kurasa ilizozihusisha na kituo cha mawasiliano na wananchi kilicho chini ya wizara inayosimamia teknolojia ya habari. Kwa maelezo ya kampuni hiyo, akaunti bandia zilitumiwa kuendesha kurasa, kujifanya watumiaji wengine, na kuzifanya kauli zionekane kupendwa kuliko zilivyopendwa. Serikali ililiona jambo hilo kuwa upendeleo. Facebook ilifungwa, na jioni ya tarehe 13 Januari intaneti nzima ikazimwa.

Tuhuma hiyo ikichukuliwa kama ilivyotolewa, kosa lake halimo katika maneno. Kumsifu mgombea si uongo. Kosa limo katika idadi na uso: mmoja anajifanya wengi, na ofisi inajifanya jirani. Uzito wake unaonekana ukikumbukwa mwezi Novemba 2020, ambapo maandamano yaliyofuata kukamatwa kwa Kyagulanyi yalizimwa kwa nguvu na Serikali yenyewe ikataja vifo 54. Katika hali kama hiyo, mkazi anayesoma maoni ya "majirani" anaamua kutoka nyumbani au kubaki ndani. Anayemghushia majirani amemwibia kipimo cha uamuzi huo.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Katika uchaguzi, ufupi huo haumzuii mwongo, kwani anachohitaji ni kufika siku ya kura.

Lugambo na sheria
Mwaka 2018 Rais Museveni alitetea kodi ya mitandao ya kijamii kwa hoja kwamba watu huitumia kwa "lugambo", yaani umbea kwa Kiganda. Kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huo kila mtumiaji alitozwa shilingi 200 kwa siku. Uteuzi wa neno hilo uliweka tatizo upande wa wananchi peke yao. Lakini mmbea wa mtaani hujulikana kwa jina, na watu hupima maneno yake kwa kumjua. Akaunti bandia haina hata dhamana hiyo ndogo. Marekebisho ya sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ya mwaka 2022, yaliyoharamisha habari zenye nia mbaya, yameendeleza mwelekeo uleule wa kuadhibu kauli.

Huenda ikajibiwa kwamba kudai uso wa msemaji kutamhatarisha mnyonge anayeficha jina kwa hofu. Pingamizi hili ni la haki, na jibu lake ni kutenganisha vitendo viwili. Anayeficha jina humnyima msomaji habari moja, na msomaji anajua kwamba amenyimwa. Anayejizidisha kuwa watu mia humpa msomaji habari ya uongo kuhusu jamii yake.

Hitimisho
Washauri wa sera watafaidika wakianza na maswali mawili kabla ya kuuliza kama kauli ni ya kweli: nani anasema, na ni wangapi hasa wanaosema? Maswali hayo yaulizwe kwanza kwa wenye fedha na ofisi, maana ndio wenye uwezo wa kununua umati usiokuwapo. Kwa kipimo hicho, wimbo wa Kamwokya na wimbo wa Ikulu vyote vinaruhusiwa. Kinachokatazwa ni kumwandikia Kamwokya maneno, kisha kuyasoma kana kwamba Kamwokya ndiyo iliyoyasema.