Kiporo Bila Mwisho wa Msimu

Machi 8, 2025 Yanga na Simba walipangwa kukutana katika mechi ya Ligi Kuu, Uwanja wa Benjamin Mkapa. Simba ikatangaza kwamba haitacheza, ikidai imezuiwa kufanya mazoezi uwanjani hapo usiku wa kuamkia mchezo, na Bodi ya Ligi ikauahirisha siku hiyohiyo. Baadaye ikatajwa Juni 15, nayo ikasogezwa. Mchezo ukapigwa Juni 25, Yanga ikashinda 2-0 na kutwaa ubingwa.

Kwa anayetaka kutunza vizuri orodha ya kazi zake, jambo la kuangalia hapo ni moja: pamoja na vurugu zote, kiporo kile, yaani mechi iliyoahirishwa, kilichezwa. Ligi isingefungwa huku mechi kubwa namna ile ikining'inia. Msimu una mwisho, na mwisho huo ndio uliowalazimisha wote kurudi uwanjani. Daftari lako la kazi halina kitu cha namna hiyo. Kazi uliyoisogeza Machi unaweza kuisogeza Juni, kisha Oktoba, wala hakuna bingwa anayesubiri kutangazwa.

Ofisi za shirikisho la soka, TFF, ziko Karume, jirani na soko la Mchikichini, na katika eneo hilo la mitumba viporo vya kazi vinaonekana wazi kwa mafundi cherehani. Fundi anapunguza suruali, anabana kiuno cha gauni, anashona na nguo mpya. Anaandika kwenye kaunta buku: jina la mteja, vipimo, pesa aliyotanguliza, siku ya kuja kuchukua. Mfumo huo ni mzuri hadi siku kazi moja inapokwama. Uzi wa rangi ile umekwisha, umeme umekatika, au mteja mkubwa ameingia na sare ishirini. Kazi iliyokwama inabaki kwenye ukurasa wa siku ilipopokelewa, na ukurasa huo hauna sababu ya kufunguliwa tena mpaka mwenye nguo aje kugomba. Hapo ndipo "njoo kesho" inapozaliwa. Fundi hajadanganya kwa makusudi. Daftari lake linakumbuka kazi zilivyoingia, halikumbuki zinavyotakiwa kutoka.

Tiba ya kwanza, basi, ni kupanga kwa siku ya kutoka. Mmarekani David Allen, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu kukamilisha kazi, alieleza mafaili 43: 31 ya siku za mwezi na 12 ya miezi. Unachokiahirisha unakitia katika faili la siku utakayokihitaji, na kila asubuhi unafungua faili la leo. Kaunta buku inatosha kwa hilo: kurasa za mwanzo kwa siku, za nyuma kwa miezi. Mfanyabiashara aliyekadiriwa kodi ya mapato anajua awamu zake zinaangukia mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Aziandike kwenye kurasa za miezi hiyo sasa hivi, aache kuzibeba kichwani. Watafiti Masicampo na Baumeister walionyesha mwaka 2011 kwamba jambo lisilokamilika hupunguza kuisumbua akili mtu akishalipangia namna na wakati wa kulitekeleza, hata kabla hajaligusa.

Lakini si kila kiporo kinasubiri tarehe. Kingine kinasubiri tukio. Idd ni mfano ulio hai kuliko wote: nguo lazima iwe tayari siku ya Idd, na siku yenyewe inajulikana mwezi ukishaandama. Fundi anayeandika "Idd" halafu anakadiria tarehe ya mbali anajitafutia balaa; aandike tarehe ya karibu zaidi inayowezekana, yaani baada ya siku 29 za mfungo. Vivyo hivyo kwa mvua. Paa la kibanda linalovuja lisiandikwe "masika yakikaribia", kwa sababu mvua haitoi taarifa. Kwa anayelijua bonde la Jangwani mto Msimbazi unapofurika, paa hilo ni la Februari. Na kama unamsubiri mtu, andika jina lake na siku ya kumpigia simu.

Kinabaki kiporo kisichosubiri chochote. Uzi upo, umeme upo, na bado hakiguswi. Hiki ndicho kinachoua daftari. Ryder Carroll, aliyebuni mtindo wa daftari la vitone, anamtaka mtu aikopi kwa mkono kila kazi anayoihamisha, ili uchovu wa kuandika umfanye ajiulize kama bado anaitaka. Naukubali utaratibu huo kuliko programu za simu, ambapo kidole kimoja kinasogeza kazi kumi. Una kasoro moja tu: kazi iliyokopiwa inaonekana mpya. Kitambaa kilichokaa rafuni tangu Aprili kinaandikwa Agosti kana kwamba kimeletwa jana. Ndiyo maana nashauri tarehe ya kwanza ihame pamoja na kazi, iandikwe pembeni kila inapokopiwa. Anayeona "Aprili 4" kwenye ukurasa wa Agosti hahitaji kukumbushwa.

Ikihamishwa mara ya tatu, isikopiwe tena kwa maneno yaleyale. Mara nyingi kosa liko kwenye uandishi wenyewe. "Gauni la Mama Asha" ni kazi tatu zilizofungwa pamoja: kununua zipu Kariakoo, kumwita aje kupimwa tena, kushona. Zipu inaweza kununuliwa leo mchana. Zitenganishe, uone ni ipi iliyokuwa inazifunga nyingine.

Halafu ule mwisho wa msimu. Fundi anayo tayari misimu yake: Idd, Krismasi, sare za shule za Januari. Wiki moja kabla ya kila msimu, asipokee kazi mpya kwa siku moja, afungue ukurasa wa viporo na kuamua kila kimoja. Mark Forster, Mwingereza aliyetoa mfumo wake wa Autofocus mwaka 2009, alikuwa mkali hapa: ukipitia ukurasa wote usipate hata kazi moja inayokuvuta, zilizobaki humo zote zinaondolewa. Kwa orodha yako binafsi, fuata ukali huo. Kwa fundi haufai ulivyo, maana nyuma ya kila mstari kuna mtu aliyetanguliza pesa. Kiporo chenye mteja kinatoka kwa njia mbili tu: kushonwa, au mwenyewe kupigiwa simu, kurudishiwa kitambaa na pesa yake. Simu ipigwe na fundi, kabla mteja hajapanda daladala kuja.