Wimbo wa Kumlaza Mtoto, Wimbo wa Kuisimamisha Nchi

Jaribu kitu leo usiku. Fungua tamthilia yoyote ya Kikenya unayoifuatilia, tafuta ile sehemu mama anapewa habari mbaya na daktari, halafu zima sauti. Tazama uso wake tu. Mara nyingi utagundua mwigizaji hajafanya lolote la kukuliza. Anaangalia sakafu, basi. Kazi yote ya kukutoa machozi imeachiwa piano, na hiyo piano iliingia kabla daktari hajafungua mdomo.

Haya nimeyajua kupitia kibarua. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, moja ya kazi zilizonilipia nyumba ilikuwa kuandika yale maandishi ya chini ya skrini kwa watazamaji wasiosikia. Ukifanya kazi hiyo, kila sauti yenye maana lazima uitaje: mlango unagongwa, mbwa anabweka, simu inalia. Halafu muziki. Muziki wa huzuni. Muziki wa kutisha. Muziki wa huzuni tena. Manze, kuna jioni nilichoka kuyaandika maneno hayo matatu. Nilimfikiria mtazamaji kiziwi kule nyumbani kwake, ambaye kwake piano haipo. Kilichobaki ni watu wawili wamesimama sebuleni wakiambiana mambo mazito kwa nyuso za watu wanaongojea basi.

Sisemi muziki utolewe kwenye filamu. Alfred Hitchcock alitaka mauaji ya bafuni katika Psycho, filamu ya mwaka 1960, yaende bila muziki wowote. Mtunzi wake, Bernard Herrmann, akaandika hata hivyo, kwa ala za nyuzi peke yake. Hitchcock aliposikia akabadilisha msimamo, na leo watu ambao hawajawahi kuiona filamu hiyo wanazijua zile fidla. Sikiliza zinachofanya. Hazikuambii uogope. Zinakata, zinapiga kelele kama ndege aliyekamatwa, yaani zenyewe ni sehemu ya shambulio. Muziki umeingia bafuni pamoja na kisu. Piano yetu ya hospitali haijaingia popote. Imesimama nyuma ya mtazamaji inamsukuma mgongoni: lia sasa, hapa ndipo pa kulia.

Hapo ndipo ninapoona tofauti. Kuna sauti unayoweza kuijibu, na kuna sauti inayokuendesha huku ikiomba usiitambue. Hii ya pili inajua kazi yake. Mwaka 1982 mtafiti Mmarekani, Ronald Milliman, alichapisha utafiti alioufanya ndani ya supamaketi: muziki wa polepole ulipochezwa, wateja walitembea polepole na duka likauza zaidi kuliko muziki wa kasi ulipochezwa. Hakuna aliyeambiwa anunue. Miguu tu ndiyo iliyopunguza mwendo. Kwa hiyo ukijikuta kwenye foleni ya kulipa na kitu ambacho hukukifuata, usijilaumu peke yako. Angalia juu, kwenye dari, kuna spika.

Utaniambia: na mathree je? Si hiyo nayo ni sauti ya kulazimishwa? Ukipanda nganya ya Rongai saa kumi na mbili jioni, besi inakushika kifuani kabla hujapata kiti. Ni kweli, na kuna siku nimeshuka kichwa kikiuma. Lakini angalia vizuri kinachoendelea mle ndani. Hiyo sauti haijifichi. Watu wanaacha gari tupu lipite kwa sababu miksi yake haiwabambi, wanangoja nyingine. Mama wa kiti cha mbele anamwambia dere apunguze, na wakati mwingine dere anapunguza. Konda anachezesha sarafu kiganjani na kila mtu anaelewa ni wakati wa nauli, hajasema neno. Anagonga bodi mara mbili, gari linaondoka. Mvua ikinyesha na jam ishike, zile ngoma za kurukaruka zinatolewa, zinaingia za taratibu za zamani, na gari zima la watu wasiojuana linaanza kuimba kiitikio chini chini. Hayo ni mazungumzo. Ni ya kelele, lakini ni mazungumzo.

Na mazungumzo hayo hayakuanzia kwa matatu. Shairi la Kiswahili lilizoea kughaniwa kabla ya kusomwa kimya, na kila utungo ulikuwa na mahadhi yake, kiasi kwamba msikilizaji alijua ni jambo la namna gani linakuja kabla ya ubeti wa kwanza kwisha. Kwenye taarabu, mtu akiguswa na ubeti haketi tu. Anainuka, anakwenda mbele akicheza, anamtunza mwimbaji, na ukumbi mzima unajua ujumbe umemfikia nani. Hata hadithi ya jikoni ilikuwa na sharti: msimulizi akisema paukwa na wewe usijibu pakawa, hakuna hadithi. Hisia haikuwa bidhaa ya kuletewa kitini. Ulichangia, kama harambee.

Ndiyo maana ninapomsikia mtu akisema muziki kwenye jukwaa ni mapambo, ninamkumbusha Kamĩrĩĩthũ. Oktoba 1977, wakulima na wafanyakazi wa kijiji hicho cha Limuru walianza kuonyesha Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩrĩĩ, uliojaa nyimbo na ngoma. Mazoezi yalifanyika hadharani na wanakijiji waliyafuata, wakisahihisha wakiona jambo limekosewa. Novemba serikali ikafuta kibali. Siku ya mwisho ya mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini bila mashtaka. Mwaka 1982 kikundi hicho kilirudi na Maitũ Njugĩra, mchezo ambao hata jina lake linamwomba mama aimbe. Milango ya Kenya National Theatre ikafungwa mbele yao. Wakaendelea na mazoezi Chuo Kikuu cha Nairobi, watu wakamiminika kuyatazama, nayo yakazuiwa pia. Machi hiyo polisi walikwenda Kamĩrĩĩthũ na kulibomoa jumba la maonyesho ambalo wanakijiji walikuwa wamejijengea wenyewe.

Jiulize kwa nini serikali yenye bunduki iogope nyimbo. Mtu aliyekaa akitazama hotuba jukwaani anaweza kwenda nyumbani akaisahau. Aliyeitikia wimbo ameshatamka maneno hayo kwa mdomo wake mwenyewe, pumzi yake ikienda sambamba na ya jirani. Wimbo hauwezi kuachwa kwenye kiti wakati wa kutoka.

Mfano ninaoupenda zaidi tunao wote, ila tumeuzoea mno. Wimbo wetu wa taifa ulipotayarishwa mwaka 1963 na tume ya watu watano, lahani yake ilichukuliwa kutoka kwa Wapokomo wa Mto Tana. Ulikuwa wimbo wa kumbembeleza mtoto. Fikiria hilo kidogo. Sauti iliyotungwa ili mtoto afumbe macho ndiyo leo inayofanya uwanja mzima usimame wima. Halafu Juni 2024, vijana wakaingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, na kati ya vuvuzela na firimbi na moshi wa vitoa machozi, wimbo huo huo ukaimbwa tena. Haukuwa na utulivu wa mkutano wa shule Jumatatu asubuhi. Ulikuwa unadai. Pembeni yake zikachezwa ngoma kama Anguka Nayo ya Wadagliz, wimbo wa sherehe, na ghafla neno la kucheza likawa na mtu linayemlenga.

Kwa hiyo huzuni haikai ndani ya piano, wala ujasiri haukai ndani ya ngoma. Lahani moja imelaza mtoto, imesimamisha nchi, na imekabili polisi. Kilichobadilika kila mara ni nani anaimba, anamwimbia nani, na kama aliyeimbiwa anaruhusiwa kuitikia. Watengenezaji wetu wengi wa tamthilia wamerukia hapo: wanadhani hisia inanunuliwa kwenye maktaba ya muziki wa kudaunilodi, unalipa kidogo, unaibandika juu ya picha, umemaliza. Matokeo yake ni mtaa wa Kayole unaosikika kama hoteli ya ng'ambo.

Na masikio tunayo. Mtu aliyekulia kwenye nyumba ya mabati anajua mvua inaweza kumnyamazisha mwalimu katikati ya sentensi, darasa zima likabaki linamtazama anavyosogeza midomo. Anajua kesha la mtaa wa pili linavyosikika saa nane usiku, mkokoteni wa maji alfajiri, uji ukichemka kabla mtu hajasema habari ya asubuhi. Mpe yule mama wa hospitali sauti hizo. Daktari akimaliza kusema, niache nisikie feni ya dari, kikohozi cha mgonjwa wa kitanda cha tatu, na muuzaji wa njugu akiita pale nje kana kwamba hakuna lililotokea. Nitalia mwenyewe, bila kusukumwa.

Stima zikipotea usiku, kuna sekunde moja au mbili hivi ambapo friji za ploti yote zinanyamaza, redio zinakufa, na mtaa unajisikia ulivyo. Kisha watu wote wanasema "aaah" kwa pamoja, kutoka kila dirisha, bila mtu kuwaongoza. Sijaona mwongozaji wa hapa aliyeipa sekunde hiyo nafasi kwenye skrini. Atakayefanya hivyo, nitalipa tiketi.