Ndani Zishikane

Umbo la koili ya toroidi tunalijua tangu utotoni. Ni ngata, ile pete ya kitambaa au majani makavu ya mgomba inayowekwa kichwani kabla ya kujitwika ndoo. Chukua pete kama hiyo, pitisha waya wa shaba tunduni, utoe kwa nje, uurudishe tunduni, mpaka pete yote ifunikwe.

Kuisuka ndiyo kazi. Koili ya kawaida unazungusha mhimili tu, waya unajiviringa. Pete haina mlango: kila mzunguko, waya wote uliobaki lazima upite tunduni. Mashine za kazi hiyo zipo, lakini fundi wa mkono hukadiria urefu mapema, akauviringa waya kwenye kijiti chenye panda ncha zote mbili, kikawa kinaingia na kutoka kama kijiti cha mvuvi afumaye nyavu.

Nilikaa kutwa nzima kando ya fundi mmoja wa Gerezani, Dar es Salaam, akisuka upya transfoma ya stabilaiza. Dole gumba la kushoto lilikandamiza kila mzunguko usilegee, huku mkono wa kulia ukivuta. Aliponiachia nijaribu, nyaya zangu zilipandana.

“Ndani zishikane, nje ziachiane,” alisema. “Ukizibana nje, mwanangu, ndani zitakosa pa kulala.”

Sijasikia fizikia ya koili hii ikielezwa vizuri zaidi. Mizunguko 200 inayopita ukingo wa ndani ndiyo hiyo hiyo 200 inayopita ukingo wa nje. Kinachotofautiana ni nafasi. Na uga wa sumaku unakwenda vivyo hivyo. Fikiria duara lililochorwa ndani ya mwili wa pete, kitovu chake kikiwa cha pete yenyewe. Liwe dogo au kubwa, mkondo linaouzingira ni ule ule: ampia mara idadi ya mizunguko. Ila duara kubwa lina mzingo mrefu, basi kile kile kinagawanywa kwenye njia ndefu zaidi. Umbali kutoka kitovuni ukiwa mara mbili, uga unabaki nusu.

Tuseme pete ni ya plastiki, ukingo wa ndani uko sentimita 2 kutoka kitovuni, wa nje sentimita 4, mizunguko 200, mkondo ampia 1. Kwenye ukingo wa ndani uga ni militesla 2, zaidi ya mara 30 ya ule wa dunia unaogeuza dira. Kwenye ukingo wa nje ni militesla 1. Panda au shuka bila kubadili umbali huo, uga haubadiliki. Tunduni na nje ya pete, karibu sifuri. Ndiyo maana watengenezaji wa amplifaya huipenda: haisambazi mngurumo kwa jirani zake.

Mwanasayansi Michael Faraday alisuka yake kwa mkono. Tarehe 29 Agosti 1831, jijini London, alikuwa na pete ya chuma yenye kipenyo cha karibu sentimita 15, nyaya zake zimetenganishwa kwa uzi na kitambaa cha pamba. Ujanani alifunzwa kujalidi vitabu, nami naamini vidole vile vilimfaa siku ile. Leo nchini Ufaransa, mtambo wa ITER, unaojengwa kwa utafiti wa nishati ya muungano wa nyuklia, una koili 18 zenye kimo cha mita 17, ambazo kwa pamoja zinaunda pete moja ya aina hii. Zimepewa umbo la herufi D, mgongo wake ulionyooka ukielekea kitovuni, kwa sababu huko ndiko uga unakokaza zaidi na chuma kinahitaji kuegemea.

Safu ya kwanza ilipokamilika, fundi aliigeuza pete kwenye mwanga. Ndani, waya ulilala ubavuni mwa waya, hata unywele usingepita. Nje, kati ya kila waya na mwenzake, palibaki nafasi ya kulaza waya mmoja zaidi.